Karatasi ya Kimeli

Leeds, Uingereza
18 Januari 2004

Mdogo wangu Khisa,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na Edah na mtoto Nelima. Mimi nilifika salama na leo ni wiki ya sita. Baridi ya huku haina adabu, inaingia hata kwenye soksi mbili. Jua linakuja kazini likiwa limechelewa na saa kumi jioni limeshaenda kwao. Chumba changu kinatazama ukuta. Jirani nimemwona mara mbili, na nilipomsalimu alishtuka kama nimemdai.

Mama anaendeleaje huko Misikhu? Mwambie namkumbuka nikila wali wa hapa, usio na chumvi wala mtu wa kula naye.

Kazi ni nzuri. Wamenipeleka wodi ya kansa, lakini usiogope hilo neno vile tunavyoliogopa nyumbani. Wengi wa wagonjwa wangu ni vijana wa kiume wa rika lako. Wana ugonjwa wa mahali ambapo mimi dada yako siwezi kukutajia. Wanakatwa, wengine wanatiwa dawa ya dripu, na kati ya mia, zaidi ya tisini wanarudi makwao. Mwanzoni nilidhani manesi wenzangu wanamdanganya mgeni. Sasa nimeona kwa macho yangu.

Niandikie. Simu ya dukani kwa tajiri wako siitaki, pale hata anayenunua kibiriti anasikiliza.

Dada yako,
Nasike


Kitale
20 Februari 2004

Dada yangu mpendwa Nasike,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Barua yako ililala posta siku nne kwa sababu Bwana Kang'ethe, mwenye ufunguo wa sanduku na mwenye ghala, alikuwa amekwenda Nyeri matangani. Nimeisoma mara tatu. Mama hajambo, bado anauza ndizi sokoni na bado anagombana na askari wa kanjo. Edah ameingia kwaya, sasa hata ugali unasongwa kwa sauti ya kwanza. Nelima ameota meno mawili na ameshaniuma.

Huku ni kiangazi. Wakulima wanalima wakingoja mvua, na ghalani tunatoa mahindi ya mwaka jana. Mgongo unanisumbua kidogo, ni magunia tu. Nilisimama Agosti 1990 mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, nawe ulikuwepo, kwa hiyo gunia halitanishinda.

Sasa kuna neno jingine, si langu. Kuna mpakiaji mwenzangu, Kimeli wa Saboti. Nilimsomea ile habari ya vijana wa wodi yako, akanivuta nyuma ya mizani. Anasema yeye ana uvimbe. Hauumi. Ni mgumu tu, na unakua. Anauliza kama ndio huo. Nimeona haya kukuandikia, lakini mtu ni mtu.

Mdogo wako,
Khisa


Leeds
14 Machi 2004

Mdogo wangu Khisa,

Mulembe, na mbusu Nelima kwenye hayo meno yake. Nimecheka peke yangu kwa habari ya ugali, nikasikia sauti yangu chumbani nikanyamaza. Hapa theluji ilianguka, nikaishika, nikaona ni maji tu kama mengine.

Kuhusu rafiki yako. Ndani ya bahasha hii utaona karatasi ya pili. Nimeikunja mara nne na kuibandika kwa gundi. Hiyo ni ya Kimeli. Nimeyaandika mambo wazi, kinesi, namna ya kujishika na namna ya kumwambia daktari, na sitaki uisome. Nikirudi nitashindwa kukutazama usoni, na wewe vilevile. Mpe mkononi.

Kwako nitasema machache yanayosemeka. Uvimbe usiouma ndio mbaya. Asingoje mpaka uanze kuuma. Aende kwa daktari wa upasuaji, si kwa duka la dawa, na mtu yeyote asimchome sindano pale. Wiki mbili ni nyingi.

Na huo mgongo wako, acha kubeba magunia mawili kwa mashindano. Umemwoa Edah, si Kang'ethe.

Dada yako,
Nasike


Kitale
2 Mei 2004

Dada Nasike,

Tumshukuru Mungu, mvua imenyesha na matope yamefika magotini. Mama alikuja kututembelea na mkungu wa ndizi, akakaa siku mbili, akasema Kitale ni baridi akarudi. Hapo Leeds angefanyaje!

Barua yako ilifika tarehe 19 Aprili. Karatasi nilimpa Kimeli ikiwa imekunjwa vilevile.

Bahati mbaya sindano iliitangulia karatasi. Alikuwa amekwenda zahanati moja ya huku siku tisa kabla. Walimwambia ni busha, maji yamejaa, wakachoma ili wayatoe. Hayakutoka maji. Ilitoka damu kidogo, wakampa tembe za siku kumi. Baada ya kusoma karatasi yako alirudi akawaambia anataka skani. Mashine iliharibika tangu Krismasi. Daktari wa upasuaji anakuja kutoka mbali Jumanne moja kwa mwezi, na Jumanne hiyo watu walikuwa sabini. Alipewa namba ya mwezi ujao. Damu yake imepelekwa Nairobi kupimwa, hawajui majibu yatarudi lini.

Karatasi yako ameisoma hadi imechanika kwenye mikunjo. Anasema ahsante. Anauliza pia, wale tisini na zaidi, ni lazima wawe wazungu?

Mdogo wako,
Khisa


Leeds
30 Mei 2004

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Nimehamia chumba kingine, hiki kinatazama maegesho ya magari, kwa hiyo angalau naona watu wakifungua milango.

Niliposoma habari ya sindano nilienda chooni kazini nikalia kwa hasira. Kimeli si ndugu yangu, lakini nimelia. Mwambie hapana, si lazima uwe mzungu. Wodini nilikuwa na mtoto wa Kihindi na mtoto wa Kijamaika, wote wamekwenda nyumbani. Ugonjwa hauulizi pasipoti. Ni dawa ndiyo inayouliza.

Sasa tuna fundi mmoja wa mapaa, ana miaka ishirini na minane kama wewe. Alihisi uvimbe akioga, akaenda kwa daktari Jumatatu. Alhamisi ya wiki iliyofuata alikuwa ameshakatwa. Siku kumi, Khisa. Hakujuana na mkubwa yeyote na hakubembeleza mtu. Anatania manesi siku nzima, mimi ananiita Sista Kenya, na anaomba biskuti za mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kimeli asingoje hiyo namba ya mwezi ujao. Aende hospitali kubwa ya rufaa akalale mlangoni kama ni lazima.

Mama alinipigia simu kutoka Misikhu akasema umekonda. Mgongo vipi? Umenijibu habari za Kimeli ukurasa mzima, zako mstari mmoja. Tena ukiandika habari zake unajua hadi idadi ya watu kwenye foleni.

Dada yako,
Nasike


Kitale
27 Juni 2004

Dada Nasike,

Hatujambo. Mahindi yamefika kifuani.

Kimeli alikatwa tarehe 8 hospitali ya rufaa. Alivumilia kama mwanaume. Daktari anasema imetoka yote pale ilipokuwa, lakini imeshapanda ndani, nyuma ya tumbo, karibu na uti wa mgongo. Anatakiwa kutiwa ile dawa ya dripu mizunguko minne.

Mgongo wangu ni wa kawaida. Usisumbuke.

Khisa


Leeds
15 Julai 2004

Khisa,

Leo sitaanza kwa salamu.

Mama amenipigia. Alifunga safari hadi simu ya kulipia ya pale sokoni, akapiga kelele kama kawaida yake akidhani Uingereza ni mbali kwa sauti. Alisema, "Nasike, Khisa amekatwa huko hospitali na hataki kusema wapi. Ati ni mambo ya wanaume, mimi nitoke. Si wewe ni nesi? Niambie mtoto wangu amekatwa nini!"

Nilikuwa nimesimama koridoni. Nikamwambia atulie, nitauliza. Nikakata simu, nikachukua barua zako zote nikazisoma upya, mgongo upande huu na Kimeli upande huu. Mimi nesi wa miaka kumi na miwili. Mgonjwa akija wodini kwangu akaniambia mgongo unauma na ana miaka ishirini na minane, ninajua pa kuuliza kabla hajavua koti. Wewe sikukuuliza, kwa sababu ni wewe.

Na ile gundi niliipaka mimi. Nilikuandikia uhai wako kwenye karatasi, nikakukataza kuisoma.

Sasa heshima tumeiweka chini, nisikilize. Hata ikiwa imepanda nyuma ya tumbo inapona. Nimewaona waliokuja na kifua kimejaa, wakapona. Lakini ile mizunguko lazima ifuatane siku kwa siku, bila kuruka. Dawa yenyewe si ya ajabu wala si mpya. Imekuwepo tangu wewe unatambaa, na hapa imejaa kabati ninalolifungua kila asubuhi. Niliuliza mfamasia kama naweza kununua nikutumie. Akaniambia kwa upole haiwezekani, haitoki. Niliangalia ufunguo wa kabati mkononi mwangu kwa muda mrefu, Khisa. Sitakuficha, niliufikiria wizi.

Nimemtumia Edah pesa za mzunguko wa kwanza. Zingine nitatuma.

Nijibu swali moja. Ulihisi lini mara ya kwanza? Nataka tarehe.

Nasike


Kitale
12 Septemba 2004

Dada yangu,

Mulembe. Nilichelewa kujibu kwa sababu nilikuwa natapika.

Nisamehe. Ningekuandikiaje? Tangu nilipotahiriwa hata kaptura sikuvaa mbele yako. Kila nikishika kalamu niseme ni mimi, kalamu inaandika Kimeli. Ile karatasi niliifungua kwa mvuke wa sufuria, Edah akiwa kisimani. Hata nyumbani kwangu niliisoma kwa wizi.

Kimeli wa kweli ni mzima kama nyati, na habari zimemfikia. Edah alimwambia kwa bahati mbaya. Alikuja kunitembelea wodini, akasimama mlangoni na mkate, akasema kwa sauti watu wote wakageuka, "Khisa, bana, kumbe mimi ndiye nimekatwa? Na bibi yangu bado hajaambiwa?" Wodi nzima ilicheka. Nilicheka hadi mshono ukauma. Kisha akaketi, akaniuliza polepole vile inavyokuwa, mtu anajishika wapi, nikamwambia. Ghalani wote wanajua sasa. Neno likishavuka mto halirudi, nimegundua hivyo.

Mizunguko miwili nimepata. Wodini tulilala wawili wawili kitandani, mmoja kichwa huku mwingine kule. Mwenzangu alikuwa mwalimu Rotich, mwenye kansa ya tumboni, akinifundisha Biblia ya Kinandi. Nesi alikuwa mmoja kwa watu arobaini, akinikumbusha wewe alivyokasirika. Mzunguko wa tatu ulikuwa uanze Agosti mwishoni. Dawa moja kati ya tatu haipo. Wametuambia turudi nyumbani tukaulize kila Jumatatu. Edah alikwenda maduka yote ya dawa Eldoret. Ng'ombe ameuzwa, pesa tunazo, na cha kununua hakuna. Hilo sikuwahi kuliona maishani.

Lile swali lako nitalijibu siku nyingine.

Mdogo wako,
Khisa


Leeds
5 Desemba 2004

Mdogo wangu Khisa,

Mulembe. Nimeandika mara mbili tangu Septemba na hujajibu. Najua barua zinapotea, kwa hiyo najiambia zimepotea. Edah kwa simu ananiambia "anajaribu", tena anakohoa ili nisisikie kwamba analia. Aliniambia mzunguko wa tatu ulipatikana Oktoba baada ya wiki sita, na wa nne haujapatikana. Mimi najua wiki sita maana yake nini. Sitaki kukuandikia.

Jana yule fundi wa mapaa alirudi kutuona. Nywele zimeota. Alituletea sanduku la chokoleti, akanishika mkono akasema, "Sista Kenya, nitakuwa baba mwezi wa tano." Manesi wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Nilimwosha huyo kijana, nilimshikia beseni, nilimwombea kwa Kibukusu akiwa amelala. Na jana, akiwa amesimama pale na mashavu yake mekundu, nilimchukia. Nilimchukia kwa moyo wote, kwa kosa la kupona. Nikaingia stoo nikakaa juu ya ndoo. Hapa hakuna mtu wa kuambiwa neno kama hilo. Nakuambia wewe.

Khisa, kuhusu kuja. Karatasi zangu za kukaa zinaamuliwa Machi. Nikitoka kabla ya hapo sitaruhusiwa kurudi na kazi imekwisha. Umemwambia Edah anikataze. Umesema ati nani atamlisha mama. Mama alikula kabla sijajua Uingereza iko wapi. Ukiniambia njoo, nitakuja na nguo nilizovaa. Lakini nataka uniambie wewe mwenyewe, kwa mkono wako.

Na lile swali nimeliuliza Julai, nimeliuliza Septemba, naliuliza tena. Ulihisi lini mara ya kwanza?

Dada yako,
Nasike


Misikhu, Bungoma
9 Januari 2005

Dada yangu Nasike,

Mulembe. Tuko hapa kwa mama tangu Krismasi. Edah amenishikia sinia niandikie juu yake. Nelima anakimbia sasa, anafukuza kuku wa jirani na kuanguka na kuamka bila kulia. Mama haendi sokoni. Anakaa karibu nami anasuka na kufumua ukili wa mkeka.

Ule mzunguko wa nne sikuupata. Daktari alinionyesha picha ya kifua changu, akanihesabia madoa. Ni kijana tu, pengine ni wa rika langu. Alisema dawa ingekuja kwa wakati tungekuwa tunaongea mengine. Halafu akaniambia, "Nisamehe." Sijawahi kumsikia daktari akiomba msamaha. Nilimhurumia, kwa sababu mimi ningerudi nyumbani na yeye angebaki pale.

Usimchukie fundi wako. Hakuniibia kitu. Mtoto wake akizaliwa mpelekee salamu, useme zimetoka kwa mtu wa Kitale. Lakini hata mimi, niliposoma kwamba nywele zake zimeota, nilipitisha mkono kichwani nikaona uchungu. Kwa hiyo tuko wawili.

Sasa swali lako. Sikulikwepa kwa haya, haya imekwisha. Nililikwepa kwa sababu jibu litakuuma wewe kuliko mimi.

Ni Desemba 2003, siku mbili kabla hujaondoka. Nilikuwa naoga asubuhi, hapa hapa Misikhu, nikaihisi. Ilikuwa ndogo kama punje ya hindi. Mchana huo mama na Edah walikwenda kununua vitu vya karamu ya kukuaga, tukabaki wawili barazani tukimenya njugu zako za safari. Tulikaa kutoka saa sita hadi saa kumi. Wewe nesi upande ule, mimi na punje yangu upande huu, na katikati ungo. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni. Niliipanga hivi, nikaipanga vile, na kila nilipoinua kichwa niliona ni dada yangu. Mara ukaacha kumenya, ukaniuliza, "Khisa, mbona umenyamaza hivyo? Uko na neno?"

Nikakujibu, "Sina neno, dada."

Leo ninalo, na ni moja tu. Njoo.

Mdogo wako,
Khisa